Damu ya Kyaruzi na Kahawa ya Kutafuna

Nimesikia yanayosemwa hapa kijijini Rubya: kwamba shemeji yangu Kyaruzi alirogwa, au kwamba marehemu mume wangu, Audax, alikuwa akimwita kutoka kaburini. Katika ukoo wetu hakuna mambo hayo. Nilikuwepo, na nitaeleza.

Kyaruzi ni mdogo wa Audax. Hakusoma sana, ila kibanja chake, shamba la migomba, kilikuwa safi kuliko vyote vya jirani, na hakuna mgeni aliyeketi kwake bila kupewa akamwani, kahawa yetu ya kutafuna. Mfukoni mwa shati alikuwa nayo daima, imefungwa kwenye jani kavu la mgomba. Audax alipofariki ghafla, ameinama akipalilia, ni yeye aliyesimama kama baba wa binti yangu Edvina.

Mwaka jana mambo yakaanza kumpata Kyaruzi. Akiinama kidogo, moyo unaenda mbio, jasho linamtiririka, uso unageuka rangi ya majivu. Yakipita anaomba maji na kucheka. "Shemeji, nilidhani nimekutana na chui." Chui hakuwepo. Wanawake kisimani wakaanza kunong'ona.

Nilimpeleka hospitali Bukoba. Daktari, kijana mgeni katika mkoa, alipima presha, akapima tena kana kwamba haamini. Alituambia kwamba juu ya figo kuna tezi ndogo inayomwaga homoni mtu anapoingiwa na woga. Huenda ya Kyaruzi imeota uvimbe, ukawa unamwaga bila sababu. Siku yoyote moyo ungeweza kushindwa. Lakini hakuna ambaye angempasua bila uhakika, na uhakika ulikuwa kwenye damu. Alimwagiza asinywe kahawa tangu siku moja kabla ya kipimo. Siku ya kipimo alilazwa kitandani kimya, wakachota damu, ikawekwa kwenye barafu kupelekwa maabara kubwa nje ya mkoa.

Majibu yalirudi: homoni zimezidi, lakini kidogo, haiwezekani kuamua. Daktari akauliza kama alikunywa kahawa.

"Sijawahi kunywa kahawa maishani mwangu," alijibu Kyaruzi, akitafuna.

Daktari alimtazama mdomo. "Na hiyo ni nini, mzee?"

"Hii? Hii ni akamwani tu."

Muuguzi alicheka. Daktari hakucheka.

Akasema kipimo kirudiwe Jumatatu, bila hata punje ya kutafuna. Jumapili ndiyo siku wageni walikuwa wanakuja kumposa Edvina, na kwetu mwenye nyumba huchukua punje ya kwanza, ndipo wageni watafune. Asipochukua, ni kama amewaambia ina sumu. Nilimweleza Kyaruzi kwamba ugonjwa usitajwe pale. Hakuna anayeoa kwenye nyumba yenye maradhi. Basi atafune kidogo tu, nikasema.

"Shemeji, nikitafuna, damu itadanganya tena," alinijibu. "Sina hakika kama nitafika kipimo cha tatu."

Jumapili kikapu cha kahawa kilipomfikia, alikisogeza mbele bila kuchukua. Mshenga wao, mzee Mutembei, aliuliza taratibu, "Na maji, mwenye nyumba, tungekuja nayo ya kwetu?"

Haikuwa nafasi yangu, lakini nilinyoosha mkono, nikachukua punje mbili na kuzitafuna mbele yao. Nikasema shemeji anatumia dawa ya hospitali isiyopatana na kahawa. Nao wakatafuna. Posa ikapokelewa, ingawa Mutembei alitafuna huku macho yake yakiwa kwa Kyaruzi mpaka mwisho.

Jumatatu damu ilichotwa. Safari hii majibu hayakuacha shaka: homoni zilipita kiwango mara nyingi. Uvimbe upo. Sasa anameza dawa za kutuliza presha ili aweze kupasuliwa, na amekatazwa kuinama shambani.

Tulikuwa tunainuka daktari aliponizuia. "Mama, ugonjwa huu wakati mwingine hutembea katika ukoo. Kuna mwingine aliyefariki ghafla?"

Kyaruzi ndiye aliyejibu. "Kaka yangu. Alikuwa ameinama."

"Aliacha watoto?"

Jana Edvina aliinama kufunga viatu, akainuka ameshika kichwa, paji la uso limelowa. Akasema ni joto. Mvua ilikuwa inanyesha tangu asubuhi, nami nilikuwa nimejifunika shali.

Alhamisi tunakwenda naye Bukoba. Kikapu cha kahawa nimekiondoa sebuleni, wakwe waje au wasije.