Neno Ambalo Jomrye Hakuwafundisha Wageni

Mgeni aliyefika kwenye nyumba ya wageni ya mama Jomrye kwa mara ya kwanza hakuonyeshwa chumba mpaka ajue kusema. Uwe umetoka bara gani, uwe na ndevu hadi kifuani, utasimama pale uani na begi lako mgongoni, yeye amekaa barazani anachambua dagaa, na utainamisha kichwa useme: anyong-haseyo. Si kupunga mkono kama mtu anayefukuza nzi. Kichwa chini, halafu neno.

"Tena," atasema. "Hiyo ni salamu, si mnada wa samaki. Nani kakuambia upige kelele?"

Ukishavuka hapo unafundishwa asante, kamsahamnida, na kwamba kitu cha mkubwa hupokelewa kwa mikono miwili. Kwamba mkahawani mhudumu haji mpaka umwite, yogiyo, tena kwa sauti, wala si ufidhuli. Ukikaa kimya kwa adabu zako utazeeka na njaa. Kwamba mzee akikuuliza njiani kama umekula, anakusalimu tu, hana haja ya kujua ulikula nini. Itikia, upite zako. Kwamba ukiwa na watu usijimiminie kinywaji mwenyewe. Mmiminie mwenzako, naye atakumiminia. Na kabla ya kula utasema chal-mokkesumnida, yaani nitakula vizuri. Aliyesahau hilo Jomrye alimwondolea kijiko mkononi, awe profesa, awe nani.

Bandari nzima ya Sorapo ilimcheka kwa shule yake hiyo, lakini wageni waliotoka kwake hawakuaibika popote.

Neno moja hakulifundisha. Ni lile la mtu anayerudi nyumbani, la pale mlangoni, tanyo-wassumnida: nilikwenda, na nimerudi. Wageni walilisikia kwa watoto wa jirani wakitoka shule, wakauliza.

"Hilo si lenu," aliwajibu. "Hilo ni la wenye nyumba."

Mwenye nyumba alikuwa Dalsik, mumewe. Alitoka alfajiri moja ya vuli kwenda kwenye mashua ya dagaa. Mlangoni alisema kama desturi ilivyo, nakwenda na nitarudi, na Jomrye akamwitikia, nenda urudi. Neno likafungwa pande zote mbili. Mashua ilionekana imelala kifudifudi, wenzake wakaokotwa mmoja mmoja, yeye bahari haikumtoa. Ni zaidi ya miaka arobaini sasa.

Asiyekuwapo na lake halipo, ndivyo watu wasemavyo. Kwa Jomrye lilikuwapo. Kila jioni alipakua wali wa kwanza kwenye bakuli la shaba, akalifunika kwa kifuniko chake, akalifunga kitambaa na kulisukuma chini ya blanketi la pamba, pale sakafu, inayopashwa moto kwa chini, inapopata joto zaidi. Kila mke wa zamani humwekea hivyo mtu wake aliyechelewa. Asubuhi aliula yeye mwenyewe, kwa maji.

Sasa, zilikuwako asubuhi ambazo alikuta blanketi limesogezwa. Zilikuwako jioni ambazo ubao wa baraza ulilia kama umekanyagwa na mtu mzito, na akitoka haoni mtu. Hakuogopa. Mwanamke amwogope mumewe?

Aliyeogopa ni wifi yake Okbun, dada mkubwa wa Dalsik, aliyekaa ng'ambo ya soko na maradhi yake ya kifua. Vuli ya mwaka huu alikuja akikongoja mpaka barazani, akaketi bila kukaribishwa.

"Wifi, nimemwota tena."

"Unashindilia kimchi na pilipili zake usiku, halafu unasema ndoto."

"Usinifanyie mzaha, Jomrye. Kasimama langoni kwangu, nguo zinamchuruzika. Namwambia, Dalsik, mbona hapa? Nenda kwako. Ananiambia, kwangu wali wangu umefunikwa."

Jomrye aliendelea kukata vichwa vya dagaa.

"Unasikia wewe? Mfu hafunui kifuniko! Bakuli la kufunika ni la mtu hai aliyeko safarini. Mfu wa kwetu unamfunulia, unamsimamishia kijiko ndani ya wali, unamwambia kula. Wewe unamweka na njaa miaka yote kwa ukaidi wako."

"Ukaidi nimeukuta kwenu."

"Mimi nakwenda, wifi. Daktari ameshanitazama kwa lile jicho lao. Nifike huko ndugu yangu anipokee na utumbo mtupu?"

"Si ndiyo vizuri? Mfungashie chakula, umpelekee."

"Mdomo huo! Ndiyo maana alikimbilia baharini."

Wakacheka wote wawili, mpaka Okbun akakohoa na kicheko kikafa.

Wale ambao siku yao ya kufa haijulikani hutengewa chakula tarehe tisa ya mwezi wa tisa, kwa hesabu ya mwezi wa angani, na siku hiyo ilikuwa inakaribia. Okbun aliomba iwe mwaka huu, kwa kuwa mwaka mwingine hakuwa nao.

"Nikimsimamishia kijiko," Jomrye alisema, na kisu kikasimama, "nitakuwa nimemuua kwa mkono wangu. Bahari haikuthubutu kuniletea maiti. Niisaidie kazi?"

Okbun aliondoka bila kuaga.

Wiki hiyo alikuwapo mgeni mmoja, Rodelio, mtu wa Ufilipino, fundi wa kuchomelea vyuma aliyekwishastaafu, safari yake ya kwanza nje ya kisiwa chao. Alikuwa mwanafunzi mwema. Aliinama vizuri, alipokea kwa mikono miwili, na maneno aliyapenda hivi kwamba aliyaokota hata njiani. Siku moja alishinda akitembea ufukoni, mvua ikamkuta huko. Alirudi magharibi, ameloa, koo limekauka kwa baridi. Akaona amfurahishe mama mwenye nyumba kwa neno aliloliokota kwa wale watoto.

Jomrye alikuwa jikoni, mgongo ameupa mlango. Akasikia buti zikivuliwa. Akasikia sauti nzito ya mwanamume aliyechoka:

"Tanyo-wassumnida."

Mdomo ulimtangulia. "Umekuja? Umechelewa wewe. Ingia, ingia ule."

Akili haijafika, mikono iko kazini. Aliingia chumbani kwa mlango wa ndani, akalivuta bakuli kutoka chini ya blanketi, akafungua kitambaa, akaliweka mezani na supu pembeni, macho chini kama bibi harusi. Ni mlio wa kifuniko kikiwekwa juu ya meza uliomfanya ainue uso.

Alikuwa Rodelio, nywele zimemganda kwenye paji, anatabasamu.

Angeweza kumnyang'anya. Lakini chakula ulichomkaribisha mtu mwenye njaa humtoi mdomoni. Alikaa akamtazama akila, punje kwa punje, mvuke ukimpanda usoni. Wali ule haukuwahi kuliwa wa moto tangu uanze kupakuliwa. Mgeni alipomaliza alishukuru vizuri, bakuli akalisogeza kwa mikono miwili kama alivyofundishwa, akaenda zake chumbani.

Jomrye alikuwa ameinuka kuosha vyombo ubao wa baraza ulipolia.

Mara moja, kisha mara ya pili. Alikijua kile kituo baina ya hatua na hatua. Ndicho cha mtu anayeegemea nguzo avue buti za mpira, ya kushoto kwanza. Taa ya uani ilikuwa inawaka, na karatasi iliyowambwa mlangoni ikaingia weusi kidogo, kama pumzi juu ya kioo. Chumba kikanuka chumvi.

Akatazama sufuria. Alikuwa amelikwangua, hata ukoko hakubakiza. Akatia mkono chini ya blanketi kana kwamba lingejizalia bakuli jingine. Sakafu ilikuwa ya moto, na tupu.

"Ngoja," alisema. "Ngoja kidogo, nakupikia sasa hivi."

Ubao ulilia tena, safari hii kwa kuachiwa mzigo. Alipofungua mlango uani hapakuwa na mtu, ila barazani maji yalikuwa yametuama, upande ule ambao mvua haipigi. Hayakuwa mengi. Mtu aliyesimama kwa muda angeacha kiasi hicho.

Akachuchumaa kando ya maji yale. Kumbe kurudi, Dalsik alikuwa akirudi. Alitimiza neno lake kila jioni, akafika mpaka mlangoni, akakuta chakula chake kimefungwa kama cha mtu mwingine, na kila jioni akageuka na njaa yake. Na yeye mkewe yuko ndani akisikia mbao zikilia na kujiona mke mwaminifu.

Asubuhi alivuka soko. Okbun alikuwa kitandani.

"Tarehe tisa uje," Jomrye alimwambia akiwa bado wima. "Lete samaki mkubwa. Wangu ni dagaa watupu."

"Umemwona?"

"Nimesema lete samaki."

Siku yenyewe Rodelio alikuwa amekwishaondoka na basi la kwanza. Jomrye alipika tangu asubuhi, bila pilipili nyekundu wala kitunguu saumu, maana wafu huvikimbia. Mlango mkubwa ukaachwa wazi, jina la Dalsik likaandikwa kwenye karatasi. Kazi ile hufanywa na watoto wa kiume, lakini Dalsik hakuacha mtoto na wanaume wa ukoo wamekwisha, kwa hiyo vikongwe wawili wakainama mpaka paji la uso likagusa sakafu, Okbun akipumua kama mvukuto mbovu.

Bakuli lilikuwa katikati ya meza. Okbun akanyoosha mkono kwenye kifuniko.

"Mkono wako," Jomrye alimwambia, "uweke mapajani."

Akakifunua yeye. Akashika kijiko kwa mikono miwili kama mtoto mdogo. Kikazama kwenye wali kikasimama wima. Hakuomba dua wala hakulia. Alisema tu, "Kula polepole, usijiunguze," na wakatoka kinyumenyume, wakauvuta mlango.

Pale nje walio hai husubiri, mgeni wao ale. Wakishasubiri vya kutosha mwenye shughuli hukohoa mara tatu, kupiga hodi, ndipo warudi ndani na chakula kiondolewe. Kukohoa kulikuwa juu ya Jomrye. Akaketi. Maadamu hajakohoa, mtu wake alikuwa ndani, mezani, nyumbani kwake.

Jua likatambaa barazani. Okbun, aliyekuwa na kikohozi tangu kiangazi, alijiziba mdomo kwa upindo wa nguo mpaka macho yakamtoka machozi, asije akamkatizia ndugu yake kwa kikohozi kisicho na maana.

"Wifi," alinong'ona mwishowe, "hajashiba tu?"

"Alikuwa mlaji wa taratibu."

"Ndiyo. Mama alimchapa kwa hilo."

Ndani, kitu cha shaba kiligonga kitu cha shaba, mara moja, kidogo. Hawakutazamana. Jomrye aliushika mkono wa wifi yake, mkavu kama gome, akaubana.

Kisha akasimama, akajiweka sawa nguo, akasafisha koo, na akakohoa.