Bibi Nadine na Kigari cha Mtoto wa Miaka Minane

Nadine Oberholtz hakuanguka. Hivyo ndivyo alivyomwambia kila aliyemuuliza juu ya ule weusi mkononi mwake: ni mlango wa kabati, kabati lenyewe la kizamani, basi yakaisha. Ukweli ni kwamba alianguka dukani, upande wa nafaka za chai ya asubuhi, na maboksi yakamwagikia kichwani. Alitazama kushoto na kulia kama mwizi, akaona hakuna mtu, akajivuta kwa mguu wa toroli mpaka akasimama. Kisha akatia kwenye toroli lake maboksi mawili ya nafaka asiyoila kabisa, ili akitokea mtu aonekane alikuwa na shughuli huko chini.

Toroli ndilo lililomfumbua macho. Alipolishika mpini, nyonga yake ya kushoto ilinyamaza na yeye akatembea kama jenerali anayekagua gwaride. Akiliachia, alikwenda upande upande kama kaa. Na uzuri wa toroli ni kwamba hakuna anayemuuliza mama mtu mzima analishikia nini. Akawa anakwenda dukani kila siku, hata siku asizo na haja, ili atembee tu.

Wenye akili zao mtasema angenunua mkongojo. Jirani yake, Doreen Fackler, alinunua mkongojo mwezi wa Januari. Pasaka mwanawe akaja na vijitabu vya nyumba za wazee, vyenye picha za watu wanaocheka wakila saladi. Kabla joto la Agosti halijapungua, nyumba ya Doreen ilikuwa na watu wengine na mbwa wao. Nadine alipika chakula cha watoto wa shule ya mji wa Ocala, Florida, zaidi ya miaka thelathini, na kwa mshahara ule wa jikoni akainunua nyumba yake yenye baraza la wavu na mti wa balungi nyuma. Alikuwa na hofu moja tu duniani, nayo ni binti yake kumwona akitembea.

Binti huyo, Krista, aliishi kaskazini kabisa, Minnesota, kwenye theluji. Kila Machi shule zikifungwa alishuka Florida na mumewe Brent na mtoto wao Hattie, wakalala kwa Nadine, kisha wote wakaenda kwenye bustani ya michezo iitwayo Himaya ya Kasa. Miaka yote hiyo hapakuwa na tatizo. Hattie alikuwa mdogo, kigari cha kumsukumia kilikuwepo, na Nadine alikisukuma tangu langoni mpaka fataki za usiku. Watu walimsifu kwa moyo wake wa kusaidia, naye akazikubali sifa.

Mwaka huu simu ikaja na habari mbaya.

“Mama, safari hii hatuchukui kigari,” alisema Krista. “Hattie ana miaka minane.”

“Minane ndiyo nini? Wewe nilikubeba mgongoni mpaka darasa la pili.”

“Hukunibeba, Mama. Ulinifukuza na mwiko.”

“Mtoto atachoka, mwanangu. Jua la huku hulijui tena.”

“Hattie anacheza mpira timu mbili. Atalichosha jua lenyewe.”

Nadine hakukubali kushindwa. Alitaja mishipa ya watoto, unyevu wa hewa, na mtoto mmoja wa Tampa ambaye hakuwahi kuwepo. Krista, ambaye hapendi kuamua jambo peke yake, akalipeleka swali kwenye kundi lake la akina mama mtandaoni: mtoto wa miaka minane, kigari au miguu? Ndugu zangu, ilikuwa vita. Waliomwita mzazi mvivu ni wengi, na waliomwita mkatili ni wengi vilevile. Mama mmoja wa Texas aliandika kwamba wana wa Israeli walivuka jangwa na watoto wao bila vigari. Mwingine akamjibu kwamba punda walikuwepo, na kutoka hapo hakuna aliyemkumbuka Hattie.

Krista akakata shauri: utafanyika mtihani. Siku moja baada ya kufika wangekwenda jumba la maduka, Hattie azunguke kwa miguu asubuhi nzima, na asipolalamika, kigari basi.

Nadine alijiandaa kwa mtihani huo kuliko mtahiniwa. Asubuhi yenyewe alimwamkia mtoto na maandazi ya kuoka yaliyozama kwenye mchuzi mzito wa soseji, mayai, pankeki zenye siagi, na tena pankeki. Shuleni aliona kwa macho yake: ukiwapa watoto mchuzi ule, saa nne darasa zima linasinzia. Hattie alikula kila kitu, akalamba sahani, akauliza kama anaruhusiwa kupanda juu ya paa.

Lakini Nadine naye alikuwa na mzunguko wa kutembea, tena mbele ya Krista. Kwa hiyo alikuwa ameazima kigari kutoka chumba cha watoto pale kanisani. Kigari kitupu ukikiegemea kinapinduka, akapakia tikiti maji kubwa, akalifunga mkanda. Walipoingia akaona taa za jumba zinalimulika vibaya, kila mtu analikodolea macho, akalivisha kofia.

“Mama,” alisema Krista, “kwa nini tikiti limefungwa mkanda?”

“Najaribu magurudumu. Mtu hujaribu kwa mzigo.”

“Na kofia?”

“Hiyo ni yangu. Kichwa kimeona joto.”

Brent, mkwe mpole anayependa vyuma, alipiga magoti akasema breki za nyuma ni nzuri sana. Nadine alimpenda siku hiyo kuliko siku ya harusi.

Wazee wa Ocala huzunguka ndani ya jumba lile kila asubuhi kabla maduka hayajafunguliwa, kwa ajili ya kiyoyozi na umbea. Nadine alikuwa mmoja wao kabla ya kabati kumpiga. Lorraine, rafiki yake wa zamani asiyeona vizuri na asiyetaka miwani, alimsimamisha na kuinama juu ya kigari.

“Mtoto mzuri huyu,” alisema. “Kafanana na nani?”

“Ni tikiti maji, Lorraine.”

“Usimseme hivyo mtoto. Na wangu alizaliwa hana unywele.”

Akaita wenzake. Wakakusanyika wazee wazima na viatu vyao vyeupe, mmoja akalifunika tikiti miguu ambayo halina, na Nadine katikati yao akiwa ameshika mpini, amesimama wima, haumwi popote. Wakati huohuo Hattie alikuwa kapita mara ya pili akikimbia, mara ya tatu akiruka kwa mguu mmoja, na ya nne akitembea kwa mikono. Krista alipiga makofi. Hattie amefaulu mtihani, alisema, na kigari cha kanisa kirudi kanisani.

Jioni ile Nadine aliosha vyombo na Hattie akapangusa. Nadine alikuwa ameegemea sinki, maana sinki nalo ni rafiki. Akaanza kuzunguka mbuyu: kwamba mtu akichoka si aibu, kwamba mjukuu mwema humsikiliza bibi yake, kwamba kwenye kigari mtu huona mengi.

“Bibi,” alisema Hattie, “wewe ndiye unataka kupanda?”

“Sitaki kupanda.” Nadine alitazama mlangoni. “Nataka kushika.”

Hattie aliitazama mikono ya bibi yake juu ya sinki, akatazama miguu, akaelewa. Watoto wana ubaya huo.

“Sasa mwambie Mama.”

“Nikimwambia atanihamisha.”

“Akuhamishe wapi?”

“Kwenye saladi,” alisema Nadine, na hakuwa anacheka.

Mtoto alipangusa sahani moja muda mrefu. Kwa mtoto wa miaka minane anayecheza timu mbili, kukaa kwenye kigari mbele za watu ni sawa na kurudi kuvaa nepi, na wote wawili walilijua hilo.

“Nitakaa,” alisema mwishowe. “Lakini nataka miwani ya jua.”

Kesho yake walifika Himaya ya Kasa wote wanne wamevaa fulana za kijani ambazo Krista alizichapisha, ya Nadine imeandikwa BIBI WA KASA. Walipovuka lango tu, Hattie alishika kifua, akayumba, akalala chali kwenye lami.

“Miguu yangu imekufa,” alisema.

“Hattie, inuka. Tumetoka kwenye gari sasa hivi.”

“Nenda na wenzako, Mama. Mniache.”

Alitia chumvi, tena chumvi ya mkono wa mpishi mgeni, lakini foleni ilikuwa inajaa nyuma yao na Krista aliona haya. Wakakodi kigari cha bustani. Ni cha plastiki ngumu, umbo la gamba la kasa, kimetengenezwa kwa mtoto wa miaka mitatu. Hattie aliingia kwa kukunjwa, magoti yakawa jirani na masikio. Nadine alishika mpini, nyonga ikanyamaza, na akaenda. Alikwenda vizuri ajabu. Brent na Krista walibaki wakimfukuzia.

Watu nao hawana dogo. Mzee mmoja mwenye aiskrimu aliuliza kama huyo mtoto ameshapata leseni ya gari. Kasa mwenyewe, yaani kijana aliyevaa vazi la kasa, alisogea kumpungia mtoto mchanga, akakutana na ndama mzima mwenye miwani, akarudi nyuma. Krista alianza kutembea mbali nao kidogo kama asiyewafahamu, jambo gumu ukiwa na fulana ileile.

Halafu ikatokea ambayo Nadine hakuipigia hesabu. Watu wa mji wa Krista hufunga shule wiki ileile na hukimbilia mahali pamoja, kwa hiyo ukienda kuikimbia Minnesota unaikuta yote kwenye foleni ya viazi. Akatokea msichana mwembamba, Annika, golikipa wa timu ya Hattie. Alisimama mbele ya gamba.

“Umeumia?” aliuliza.

Nadine alihisi kigari kimetulia kabisa mikononi mwake. Kama mtoto angeruka akakimbia, asingemlaumu.

“Hapana,” alisema Hattie. “Nimechoka tu.”

“Wewe?”

“Ndiyo, mimi.”

Annika aliondoka akigeuka nyuma kila hatua. Hattie aliisukuma miwani yake ikaziba macho vizuri. Nadine alitamani kulia. Lakini Krista pia alikuwa ameyasikia hayo, na uso wake ulibadilika. Yeye anamjua mwanawe. Mtoto yule hajawahi kukiri uchovu hata akiwa na homa, sembuse mbele ya Annika.

“Brent,” alisema polepole. “Huyu anaumwa.”

Wakampeleka mbio kwenye chumba cha huduma ya kwanza. Muuguzi alimpima joto mlemle ndani ya gamba, akapima mapigo, akamulika macho. Hattie hakusema neno. Ahadi ni ahadi, na kadiri alivyokaa kimya ndivyo mama yake alivyozidi kuogopa. Muuguzi alisema haoni kitu, na neno hilo, kwa mama aliyeogopa, ni baya kuliko ugonjwa. Krista alitaja ugonjwa wa damu. Alitaja binti wa mwalimu fulani kule kwao, aliyeanza hivihivi, kwa uchovu. Akatoa simu kumpigia daktari wa nyumbani, vidole vikakosea tarakimu, akaanza upya, vikakosea tena. Brent alikuwa amemshika bega na yeye mwenyewe amekuwa mweupe kama unga.

Nadine alikuwa amekaa kiti cha pembeni, mikono juu ya kigari. Angeweza kunyamaza. Wangempeleka mtoto hospitali, wangempima kila kitu, wangemkuta mzima kama ng’ombe, na siku ingekwisha na siri ingebaki. Mficha maradhi, wahenga walisema, kifo humuumbua. Hawakusema lolote juu ya anayeficha maradhi nyuma ya mtoto wa watu. Alimtazama bintiye akikosea namba mara ya tatu.

Akaachia mpini. Akasimama. Kutoka kiti chake mpaka alipo Krista ilikuwa sakafu tupu, hakuna meza, hakuna ukuta. Akaivuka. Alikwenda upande upande, mguu wa kushoto ukiburuta, mkono ukitafuta hewani kitu kisichokuwepo, na chumba kizima, pamoja na muuguzi, kilimtazama.

Krista alishusha simu.

“Haumwi,” alisema Nadine alipofika, akimshika mkono kwa sababu ilibidi ashike kitu. “Mimi ndiye ninayezeeka.”

Krista aliangalia miguu ya mama yake. Aliangalia kigari. Aliangalia fulana ya BIBI WA KASA na mkono ule alioambiwa kwa simu kwamba uligongwa na kabati, na Nadine aliona mambo yakijipanga moja baada ya jingine kwenye uso wa mwanawe.

“Nilidhani mwanangu anakufa,” alisema Krista.

“Najua. Nisamehe.”

“Naweza kutoka?” aliuliza Hattie kutoka kwenye gamba. “Miguu imekufa kweli sasa.”

Brent alimng’oa. Mtoto alijinyoosha, akamtazama bibi yake kama anayeomba ruhusa, akatoka nje mbio kumtafuta Annika. Baba yake akamfuata. Krista alichukua mkoba wake, wa Brent, chupa za maji na sweta za watu wote, akavijaza ndani ya kigari mpaka kikawa kizito, akakigeuza, akausukuma mpini mbele ya mama yake. Nadine aliushika.

“Tutaongea tukifika nyumbani,” alisema Krista.

“Nyumbani kwa nani?”

Krista alifuta macho kwa ukosi wa fulana, akafungua mlango, akaushikilia kwa mgongo ili kigari kipite.

“Kwako, Mama,” alisema. “Pita.”