Dole Gumba la Babu

Nilipokuwa kidato cha tatu nilikuwa na ujuaji ulionizidi umri, na aliyeuchochea ni mwalimu wetu wa biolojia, mgeni kutoka kanda ya ziwa. Siku moja aliazima pedi ya mhuri ofisini, akatuchovya wino vidole gumba darasa zima, kisha akatupa lenzi tuone wenyewe kwamba hakuna wawili waliofanana. Wenzangu walipakana wino mashavuni. Mimi nilitazama mistari ya kidole changu nikahisi nimeambiwa siri. Tangu hapo kila bilauri nyumbani niliikagua kwanza kabla ya kuiosha, mpaka bibi akasema shule imenipanda kichwani.

Niliishi naye Matogoro. Babu alikuwa ameshafariki, na tulitegemea bonde moja la maharage kwa chakula na kwa ada yangu. Basi akaja baba mdogo, aliyefungua duka Majengo enzi hizo za ruksa, biashara zilipoachiwa huru, ameshika barua. Iliandikwa kwamba babu amempa bonde lile, na chini yake kuna dole gumba la babu. Baba mdogo alitaka kuliuza bonde kwa mfanyabiashara aliyetafuta mahali pa kujenga ghala. Shahidi aliyeiandika barua alishakufa. Bibi alisema haijui karatasi hiyo, na shauri likapelekwa baraza la kata.

Haya, mtaalamu nikapata kazi. Bibi alikuwa ametunza kadi ya babu ya chama cha ushirika, yenye dole lake, nami nikaazima lenzi ya mwalimu. Siku ya baraza niliwaamkia wazee shikamoo, nikaomba kadi na barua viwekwe pamoja mezani. Kwenye kadi, dole lilikatwa na mstari mweupe, lile kovu la mundu ambalo kila mtu alilijua. Kwenye barua kovu halikuwepo. Tena mistari ya kwenye kadi ilielekea kulia, ya kwenye barua ilielekea kushoto. Nikasema bila kumung'unya maneno kwamba hicho si kidole cha babu.

Lenzi ikapita mkono kwa mkono. Mzee mmoja alianza kwa kujikagua kidole chake mwenyewe, akakaa nayo mpaka mwenyekiti akamkoholea. Wote wakakubali kovu halipo.

Baba mdogo hakugombana na mtu. Alinitazama mimi, akasema, "Mwanangu, baba alikibonyeza mbele yangu."

Hakuna aliyemsikiliza wala kumuuliza zaidi. Bonde likabaki kwa bibi, na habari zikafika Majengo kabla yake kwamba ameghushi kidole cha marehemu baba yake. Mimi nilirudi nyumbani nimevimba kichwa, kila jirani nikimsimulia.

Kesho yake asubuhi tulikuwa tunachambua maharage. Nikaanza kumwelezea bibi, kwa majigambo, jinsi kovu lilivyomuumbua baba mdogo. Bibi aliendelea kutoa mawe. Kisha akaniita kama alivyoniita siku zote, kwa utani wa bibi na mjukuu.

"Mke mwenzangu, mwaka ule wa mwisho mume wetu alipooza mkono wa kulia. Alibonyeza kwa wa kushoto. Mimi ndiye niliyemshika mkono, na mimi ndiye niliyemwosha wino."

Niliuweka ungo chini. Nilijua vizuri kwamba babu alipooza. Uji nilimlisha mwenyewe. Hata ile mistari kugeukia upande mwingine ilikuwa inaniambia kwamba huu ni mkono wa pili, ila nilikuwa nimeshaamua jibu kabla ya kutazama. Nikamuuliza bibi kwa nini alininyamazia mbele ya wazee wote wale.

"Babu yako alimpa alime," akasema. "Hakumpa auze. Na hilo hawakuliandika."

Nilikasirika, nikalia kwa hasira. Nikasema nakwenda kwa mwenyekiti sasa hivi. Bibi hakunizuia. Nilifika barabarani, nikasimama, nikafikiria ada, nikafikiria aibu yangu mbele ya wale wazee walioshika lenzi. Halafu nikarudi, nikakaa, nikaendelea kuchambua.

Bonde lile ndilo lililonisomesha mpaka mwisho. Leo kazi yangu ni alama za vidole, na vijana ninaowafundisha hunitania kwa swali langu la kila siku kabla hawajagusa lenzi: mkono gani? Wanadhani ni ukali wa kazi tu.

Baba mdogo alifunga duka mwaka uleule. Nani anunue kwa mtu aliyemdhulumu marehemu? Akahamia Mpitimbi, akalima shamba la kukodi. Alipofariki, bibi naye akiwa ameshatangulia, nilikwenda kuzika. Mjane wake alinikumbatia, akaniambia nisiwe na kinyongo, maana mumewe hakuwahi kunilaumu. Kila jina langu lilipotajwa alikuwa akisema, "Yule alikuwa mtoto, alikosea tu."

Nilikosea siku moja. Kuanzia kesho yake nilikuwa najua.