Siku Kanga Ilipomponyoka Dada

Kosa ni langu, simsingizii mtu. Kusoma sijui, mjukuu wangu wa kike ndiye anaandika haya, na nimemwambia asinipunguzie.

Dada yangu alitogwa ndonya utotoni, kile kipande cha mti cha mdomoni, kwetu Newala. Mimi mdogo wake nilikuta desturi imeachwa. Ndonya aliitoa zamani, tundu likabaki kwenye mdomo wa juu. Basi maisha yake yote akicheka anavuta kanga kuziba mdomo. Hata watoto wake hawajawahi kumwona anacheka mdomo wazi.

Msimu wa korosho alikuja kwangu Lisekese. Tumekaa chini tunabangua, mikono myeusi, mimi namwigiza mwalimu wa kwaya: "Sauti ya kwanza mnabweka, sauti ya pili mmelala!" Dada akacheka mpaka kanga ikamponyoka. Mjukuu akapiga picha kimyakimya.

Akaisafisha Masasi mjini, akaileta Jumapili, kina mama wa kanisani wamejaa kwangu. Mimi picha ninayoijua watu wamesimama wima, nguo safi, mikono imeshuka.

"Hii nayo picha?" nikasema. "Si umeibonyeza simu kwa bahati mbaya."

"Bibi, hebu mtazame bibi mkubwa vizuri."

Nikamtazama. Halafu nikamwigiza. Nikavuta mdomo wangu kwa vidole viwili, nikacheka kama yeye, hee-hee-hee, upepo unapita. Kina mama wakavunjika mbavu. Kugeuka, dada yuko mlangoni na birika la chai.

Aliwamiminia wote chai, na mimi pia. Kisha akamwambia mjukuu, "Mama, ifute na kwenye simu." Ile ya karatasi akaitia motoni mwenyewe.

Nimekwenda Newala mara mbili kuomba radhi.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Umekula?"

Kwa maneno amenisamehe. Lakini nimwigize padre, nimwigize diwani, ananitazama tu, kanga ameikamata kwa mikono miwili.

Juzi mwanawe wa mwisho aliniuliza, "Mama mdogo, eti mama alipigwa picha anacheka? Alikuwaje?"

Njia ya kumwonyesha ninayo moja tu, nayo ni ileile iliyomuumiza mama yake. Nikainama nikafunga kamba za kiatu ambacho hakina kamba.

Wenzangu mnaopenda kuchekesha watu, mkiletewa picha ya mtu wenu hajajipanga, nguo za shamba, mdomo wazi, nyamazeni kwanza. Mwulizeni aliyeipiga ameona nini. Mimi niliambiwa nitazame, nikatazama tundu.