Mlango wa Jiko Juu ya Tope

Enzi zetu kule Samuye (chekeni tu, nina miaka ishirini na saba, lakini nazo ni enzi) hatukuwa na simu ya kuulizia kila kitu. Tulikuwa na mwalimu wa Sayansi, chaki moja na ndoo. Tunaingia darasani tukinuka moshi, michembe ya viazi vikavu mfukoni, naye anatuamuru tubebe ndoo ya maji kwa kamba nyembamba ya katani. Vidole vinawaka! Kisha anaizungushia kamba kanga iliyokunjwa. "Bebeni tena." Ah, raha.

"Maji kilo ishirini, kani Nyutoni kama mia mbili, ile ile," anasema. "Kilichoongezeka ni eneo. Kani gawanya kwa eneo?"

"Kanieneo!"

"Kipimo chake?"

"Paskali!"

Mimi ndiye niliyepiga kelele kuliko wote. Nyutoni moja juu ya mita moja ya mraba ni Paskali moja; niliiimba hata nikichunga. Limi, binti wa jirani, alikuwa mkimya, lakini ndiye aliyefaulu kwenda sekondari ya bweni. Mama yake alikuwa na ng'ombe mmoja tu, na huyo ndiye angeuzwa lipatikane godoro, sanduku na sare.

Kiangazi kile lambo la kunyweshea mifugo likakauka, likabaki tope. Ng'ombe wa Mama Limi akaingia kutafuta maji, akazama hadi tumboni. Wanaume wakamfunga kamba kwenye pembe, wakavuta. Wao wenyewe wakazama magotini. Ndipo Limi akaja akihema, anaburuta mlango wa jiko lao.

"Tuulaze hapa tusimame juu yake, tumfukue miguu kwanza. Uzito wetu ni ule ule, lakini hatutazama!"

Wakaangua kicheko. "We Limi, umemletea mlango ng'ombe abishe hodi?"

Baba akanigeukia. "Shija, wewe ndiye bingwa wa hayo mambo. Eti anachosema ni kweli?"

Nilijua ni kweli kama ninavyojua jina langu. Lakini wanaume wote walikuwa wananitazama, vicheko bado midomoni.

"Sijui, baba."

Basi wakaita wengine, wakavuta kwa nguvu zaidi. Ng'ombe alikufa palepale, shingo imepinda. Mama Limi akakaa chini kwenye tope. Limi hakwenda sekondari.

Mimi niliishia kidato cha pili. Ndoto ninazo bado, tele. Juzi nilienda Geita kutafuta kazi kwenye karasha la kusagia mawe ya dhahabu. Mvua ilikuwa imenyesha, viatu vinabaki kwenye matope. Mbele ya banda moja la chai kulikuwa na mlango mkuukuu umelazwa, wachimbaji wanapita juu yake bila kuchafuka.

"Kaka Shija! Pita hapo juu, hutazama," Limi akaniita, anacheka, birika mkononi.

Nikapita. Nilitaka kumwomba msamaha. Nikaagiza chai.

Siku hizi nikiwaona watoto wanakimbilia simu kwa kila swali la shuleni, huwatania: sisi majibu tulikuwa nayo kichwani! Kisha naacha utani. Maana lile la lambo nilikuwa nalo kweli, wala halikuhitaji vocha. Lilihitaji tu niseme, "Ndiyo, baba."