Soketi Niliyoitafuta Ukutani

Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeniachia pumzi ya kusema kosa langu kabla ya siku ya kuulizwa.

Mwanangu, umeniomba nikusaidie kuchagua karte meri, ule ubao mama unaobeba viungo vyote vya kompyuta, ili uunde mashine ya michezo. Kabla sijakujibu, nisikilize.

Nakumbuka siku moja hapa Rumonge, nikiwa bado kijana, mdogo wangu Shabani akiwa kitandani. Alikuwa ameanguka kutoka juu ya mchikichi kule Kizuka, na miguu yake haikuinuka tena. Alikuwa mchezaji mpira. Nikamwahidi kumuundia kompyuta, acheze mpira kwa vidole. Mjomba wetu aliyekuwa ughaibuni alitutumia prosesa, ule ubongo wa mashine, kisha akafariki. Wa kututumia nyingine hatukuwa naye.

Ubao niliuagiza kwa muuzaji wa Kigoma, upande wa Tanzania. Kwenye simu akaniuliza, "Unataka wa soketi gani?"

Sisi tundu la umeme la ukutani tunaliita prizi, na nilijua Watanzania huliita soketi. Nikatazama ukutani. "Ya kawaida tu. Huku kwetu zote ni sawa."

Nilipokata simu Shabani akasema, "Kaka, murudilie umuulize. Ubao utachomekwaje ukutani?"

"Wewe fundi tangu lini? Lala, mutoto."

Akacheka. Mimi niliona haya kumpigia tena yule mtu nikaonekana mshamba.

Ubao ukaja kwa boti, mzuri, unang'aa. Prosesa ikakataa kukaa. Nikadhani ni ugumu wa kitu kipya, nikaikandamiza kwa kidole gumba. Ukasikika mlio mdogo, kama ndagala mkavu, dagaa wa ziwa letu, akivunjika.

"Iko imeingia?" Shabani akauliza.

Niliitoa nikaigeuza: vijiguu vyake vimelala, vingine vimekatika. Shabani akaichukua mkononi.

"Na yenyewe miguu imekufa," akasema. "Sasa tuko wawili."

Fundi mmoja mzee wa sokoni ndiye aliyenieleza kwamba soketi ni pale prosesa inapokaa juu ya ubao, na kila prosesa ina mahali pake. "Hukuulizwa habari za ukuta," akaniambia. "Neno hukulijua, ukaona bora ujibu."

Shabani alirudi kwa Mola wake kabla ya mvua, mpira ule hajaugusa. Mungu hakosei, na ninamshukuru kwa miaka niliyokaa na ndugu yangu. Lakini hata leo nikisujudu, mlio ule mdogo nausikia chini ya kidole. Mungu nimemwomba msamaha. Shabani sikuwahi kumwomba.

Basi, mwanangu, ijue kwanza prosesa yako, ndipo utafute ubao wenye soketi yake. Tazama pia memori ambayo ubao huo unaikubali, na kasha litakaloubeba. Taa na uzuri viwe mwisho. Na neno usilolijua, uliza, hata wakucheke. Kicheko chao kitakwisha kabla ya swala inayofuata. Majuto yangu haya hayajaisha.

Nawe unayesoma, Mungu akufungulie ulimi pale mimi niliponyamaza, na uliyemwahidi kitu amweke hai mpaka umtimizie. Amina.