Pikipiki ya Umeme na Mtu wa Makala

Siku pikipiki ya umeme ilipoletwa ofisini kwetu Kamina, hotuba zilikuwa ndefu kuliko safari yoyote ambayo pikipiki ile ingekuja kufanya. Wageni wawili walioileta walikuja kwa ndege, kisha wakapanda magari mawili makubwa, kila mtu lake, na injini zikaachwa zinanguruma uani asubuhi nzima ili wakirudi wakute ubaridi ndani. Wakatueleza kwamba moshi wa magari unaharibu dunia. Sisi, ambao karibu wote tulikuwa tumekuja kazini kwa miguu au kwa baiskeli, tuliinamisha vichwa kwa aibu na kuahidi kubadili tabia.

Wageni walipoondoka, mkurugenzi wetu aliijaribu. Alizunguka ua mara moja, akashuka amekunja uso.

“Haina sauti,” alisema. “Mukubwa akipita, bantu basikie.”

Akatutazama mmoja mmoja, macho yakanifikia mimi, karani wa mazingira, mwanamke wa miaka hamsini na ushee niliyelelewa kanisani kupita bila kusikika.

“Maman,” akasema, “hii njo yako.”

Kilichobaki kilikuwa jambo dogo tu: umeme. Umeme wa mjini kwetu ni kama mgeni wa heshima, hatujui atakuja lini, na akija hakai. Kwa hiyo kila asubuhi mlinzi aliwasha jenereta ya petroli ili kuijaza betri ya pikipiki isiyotumia petroli. Moshi uliingia kwa dirisha langu na kunikuta ninajaza fomu ya wageni: “Moshi uliotolewa: hakuna.”

Mume wangu ni mwalimu wa shule ya msingi, na walimu wana ugonjwa wa kuuliza. “Hiyo petroli, kwa nini musiiweke tu ndani ya moto ya kawaida, pikipiki ya kunywa petroli?”

Nikamwambia hakuhudhuria semina ya wageni.

Mwezi wa kumi nikatumwa kijijini, mwendo wa saa kadhaa kwa njia ya mchanga, nikawakataze watu kukata miti ya makala, yaani makaa ya kupikia. Nilipewa bango kubwa la rangi lililoandikwa kwa Kifaransa: “Acha gari lako nyumbani.” Asubuhi ile petroli ya jenereta ilikwisha kabla betri haijafika nusu. Mkurugenzi alisema nusu inatosha, maana hewa safi haina haraka.

Mchanga haukuhudhuria semina pia. Katikati ya njia pikipiki ilipumua kidogo, ikanyamaza. Nilikaa pembeni na bango langu, jua linanichoma kisogo. Nilikuwa karibu kulia mtu mmoja alipotokea kutoka upande wa mji, anasukuma baiskeli yenye kamba nyingi na vumbi jeusi. Sikuhitaji kumuuliza kazi yake. Alikuwa ametoka kuuza makala mjini, sasa anarudi kwake. Yeye ndiye niliyetumwa kumkataza.

“Mama, hii moto iko na ugonjwa gani?”

“Batri njo imekwisha.”

“Tutafute esanse, petroli kidogo.”

“Haikunywaka esanse.”

Aliitazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mtoto anayekataa chakula. Kisha akafungua kamba alizokuwa amefungia magunia, akaifunga pikipiki nyuma ya baiskeli yake. Yeye akavuta, mimi nikasukuma, kitenge changu nimekipandisha hadi magotini.

Tukiwa tunahema, nilimuuliza kama zamani pia alichoma makala.

“Hapana. Miye ni mulimaji. Mwaka moja nilipanda mahindi na mvua ya kwanza. Mvua ikanionyesha uso, ikakimbia. Nikapanda tena, jua ikamaliza yote.”

“Hayo ni mabadiliko ya tabianchi,” nikasema, kwa sauti ile ile ya wageni.

“Sawa, mama. Ile jina, batoto banaweza kuikula?”

Nikasukuma.

Tulipofika, kijiji kizima kilitoka kuangalia teknolojia mpya ikivutwa na baiskeli ya makala. Mimi, mtu wa kazi, nikatundika bango. Mama mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni alilisoma polepole, akawatafsiria wenzake, kisha akaniuliza, “Gari ya nani tuache nyumbani?”

Nikasema ni mfano tu.

“Na weye, mama, kwako unapikaka na nini?”

Kulelewa kanisani kuna hasara zake. Uongo siuwezi.

“Na makala,” nikasema.

Walicheka sana, bila ubaya, na mimi nikajikuta nacheka nao hadi machozi yakatoka. Nikakunja bango. Kisha nikawauliza habari za mvua, nikaandika. Wakanieleza jinsi zamani walivyojua wiki ya kupanda, na jinsi viwavi wa kula walivyopungua tangu miti ipungue. Mtu wa makala alisema sasa anatembea mbali sana kupata mti wa kuchoma, na haipendi kazi ile. Aliomba kitu kimoja tu: mbegu za mahindi yanayokomaa upesi.

Nilirudi mjini nyuma ya pikipiki ya kukodi iliyotoa moshi mweusi kama treni ya zamani. Ya umeme nililazimika kuiacha kwa chifu, ambako kuku waliikubali haraka kuliko mkurugenzi.

Niliandika ripoti ya kweli, kurasa nne. Mkurugenzi aliipunguza ikawa sentensi moja: misheni imefanyika bila moshi. Wageni walijibu kwa pongezi na kutuahidi pikipiki ya pili. Kuhusu mbegu, ambazo niliwaandikia mwenyewe, walisikitika. Mradi ulikuwa wa usafiri.

Jumamosi iliyofuata nilinunua mbegu sokoni, nikaazima baiskeli ya mume wangu, nikaondoka alfajiri. Nilifika nimechoka hata salamu zilitoka nusu nusu. Mtu wa makala alizipokea mbegu kwa mikono miwili, akazimimina kwenye sahani na kuzitazama muda mrefu. Tulipanda pamoja mistari michache, mimi vibaya, yeye akinirekebisha.

Mvua mwaka ule ilikuja, ikasita, ikarudi. Mahindi mengine yalikauka, mengine yakasimama. Makala hakuyaacha, alipunguza tu. Mimi pia sikuyaacha.

Mavuno yalipoanza alinipitia nyumbani, akaniachia mahindi mabichi kwenye mfuko. Nilimwambia ni mengi mno. “Kula, mama,” akasema, akapanda baiskeli yake. Jioni ile mimi na mume wangu tuliyachemsha tukayala yakiwa moto bado, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, hakuuliza swali lolote.